Setilaiti, Fimbo na Hatua Kumi za Mwisho: Mwongozo kwa Asiyeona Anayetembea Unguja na Pemba

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu asiyeona, au mwenye uoni hafifu, ambaye tayari anatoka nyumbani peke yake kwa fimbo nyeupe na sasa anataka simu imsaidie kwenda mbali zaidi ya mitaa aliyoizoea. Ambaye bado hajajifunza kuisoma ardhi kwa ncha ya fimbo namsihi aanze huko kwanza, kwa sababu hakuna setilaiti inayouona mtaro ulio wazi, wala Vespa iliyoegeshwa mlangoni, wala pembe ya baraza iliyotokeza njiani.

Jambo lenyewe nililielewa vizuri siku moja katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Nilikuwa nikitembea na mzee mmoja wa Kikwajuni, aliyepoteza uoni ukubwani, naye ana simu aliyonunuliwa na mwanawe. Safari yetu ilikuwa ya kwenda Makumbusho ya Beit al-Amani. Simu ikatamka, bila ya dalili yoyote ya shaka, kwamba tumefika. Mzee akasimama, akagonga chini kwa fimbo mara mbili, akaisugua ardhi kwa kiatu, kisha akasema: "Maalim, simu yasema tumefika, lakini mimi bado nakanyaga majani." Alikuwa sahihi. Tulikuwa bado tumo uwanjani, barabara iko mbele yetu, magari yanapita, na lile jengo la kuba liko upande wa pili. Lau angeiamini simu na kwenda mbele kutafuta mlango, angeingia katikati ya magari. Tangu siku hiyo nafundisha kanuni moja: setilaiti inakufikisha karibu, na hatua kumi za mwisho ni za fimbo, masikio na mdomo wa kuuliza.

Kwa nini hatua kumi

Setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani, zinaizunguka dunia zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja inatangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Simu hupokea matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, ikapima kila wimbi limechukua muda gani kufika, na kwa hesabu hiyo ikajua iko wapi. Wimbi la redio husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo kosa dogo mno la saa, au wimbi lililopinda njiani, linatosha kumhamisha mtu kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Chini ya mbingu iliyo wazi simu ya kawaida hukosea kwa kiasi cha mita 5, ambazo kwa mtu anayetembea kwa fimbo ni hatua saba au nane. Juu ya hapo kuna kosa la ramani yenyewe, kwa kuwa aliyeichora mara nyingi huiweka alama katikati ya jengo, wala si mlangoni. Yaweke pamoja makosa hayo mawili, nawe utaziona zile hatua kumi zinatoka wapi.

Wazo hili lilianza zamani kuliko simu zenyewe. Mnamo 1985 mwanasaikolojia Jack Loomis wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alipendekeza kifaa cha setilaiti cha kumwongoza asiyeona, na baadaye alikiendeleza pamoja na Roberta Klatzky na Reginald Golledge, mwanajiografia ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza uoni. Kifaa chao cha mwanzo kilibebwa mgongoni kama shanta. Kikwazo kikubwa wakati ule ni kwamba Marekani ilikuwa ikiyapunguzia makusudi usahihi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kosa likafika kiasi cha mita 100, na upunguzaji huo uliondolewa Mei 2000. Leo simu nyingi husikiliza kwa pamoja GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na wingi huo unasaidia sana pale majumba yanapoifunika sehemu ya mbingu.

Hatua ya kwanza: kuitayarisha simu nyumbani

Washa programu ya kusoma skrini, ambayo kwenye simu za Android huitwa TalkBack na kwenye iPhone huitwa VoiceOver. Kwenye Android, injini ya sauti ya Google inayo sauti ya Kiswahili, nami nashauri uichague hata kama Kiingereza unakijua vizuri, kwa sababu sauti ya Kiingereza ikikutana na Mkunazini au Kajificheni hulivuruga jina hadi lisitambulike na mtu aliyezaliwa papo hapo.

Kisha pakua programu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti. Mimi hutumia OsmAnd kwa sababu ramani nzima inakaa ndani ya simu, kifurushi kikiisha njiani hupotezi kitu, na ndani yake kuna sehemu ya mipangilio iliyowekwa kwa ajili ya wasioona. Ipe ruhusa ya kujua mahali ulipo kwa usahihi kamili, wala si kwa kukadiria, na uzime hali ya kuokoa betri, maana hali hiyo inaweza kuikata huduma ya mahali pale skrini inapozimika, nawe ukabaki barabarani na sauti ya jambo lililopita. Kwa kuwa setilaiti na sauti kwa pamoja hula chaji nyingi, usitoke kwa safari ndefu bila ya pawabenki.

Kuna mpangilio mmoja ambao ni wa hatari kwetu sisi tunaosema Kiswahili, nao nataka usomwe kwa utulivu. Programu nyingi zilizotengenezwa nchi za nje hutaja upande kwa uso wa saa: kitu kilicho kulia kwako kiko kwenye tarakimu 3, na kilicho kushoto kiko kwenye tarakimu 9. Sisi tunapotamka "saa tatu" mshale mfupi uko kwenye tarakimu 9. Kwa hiyo mtu mmoja akisikia "saa tatu" atageuka kulia na mwengine atageuka kushoto, na wote wawili wana haki. Katika OsmAnd nenda kwenye mipangilio ya usaidizi, uondoe mtindo wa saa, uchague mtindo wa pande, ili usikie kulia, kushoto, mbele na nyuma. Na anayekusindikiza mwambie vivyo hivyo, asikutajie saa kabisa.

Mwisho, fikiria simu itakaa wapi mwilini. Mwili wa mwanadamu umejaa maji, na maji huyazuia mawimbi haya. Simu iliyozama katika mfuko wa kanzu au katika mkoba ulio chini ya buibui inasikia nusu ya mbingu tu. Ishonee kifuko cha kamba ya shingoni kikae kifuani, juu ya nguo, skrini ikitazama mbele. Kifuko kisiwe na kifungo cha sumaku, kwa sababu sumaku huipotosha dira ya simu. Sauti isikilize kwa sikio moja, au kwa hedifoni za aina ile inayokaa juu ya mfupa wa shavu na kuyaacha masikio yote wazi. Kamwe usizibe masikio mawili.

Hatua ya pili: kujua kibla

Programu itakutajia kaskazini na kusini, nawe unahitaji kuwa na kaskazini yako mwenyewe ya kuisahihishia. Hapa kwetu tumejaaliwa: Makka iko karibu sawasawa na kaskazini ya visiwa vyetu, kiasi cha nyuzi moja tu kuelekea mashariki kwa Mjini Unguja, na kwa Pemba tofauti ni ndogo zaidi. Ndiyo maana mabaharia wetu walikuwa wakisema kibla wakikusudia kaskazini. Anayejua kibla ya msikiti wa mtaa wake ana dira isiyohitaji chaji. Kabla ya kuondoka simama ukielekea kibla, uliza dira ya simu, na kama haitaji kaskazini izungushe simu hewani kwa umbo la tarakimu 8 mara kadhaa, ukiwa mbali na mageti ya chuma na magari, kisha uulize tena.

Pamoja na hayo kumbuka kwamba dira na setilaiti ni vitu viwili. Setilaiti inajua uelekeo wako pale tu unapotembea, kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukisimama, uelekeo huo unapotea na simu inabaki kutegemea dira yake ya sumaku, ambayo karibu na mabati na nguzo za umeme huyumba. Ukihisi umechanganyikiwa, tembea hatua kumi na tano kwa mstari ulionyooka mahali palipo salama, ndipo uulize.

Upepo nao ni shahidi. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, inavuma kutoka upande wa kaskazini mashariki, na kusi inavuma miezi ya katikati ya mwaka kutoka kusini. Katika uwanja mpana kama Mnazi Mmoja, shavu linalopigwa na upepo linakwambia umegeuka au hujageuka, na linakwambia kabla ya simu.

Hatua ya tatu: kuweka alama zako mwenyewe

Hii ndiyo kazi kubwa. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba zinazotumika, na watu huelekezana kwa msikiti, duka, mwembe au nyumba ya fulani. Ramani haina fulani. Basi alama zinazokufaa itabidi uziweke wewe, na mara ya kwanza uwe na mtu anayeona.

Simama mahali unapotaka kupaweka alama, palipo wazi juu. Usihifadhi mara moja. Kama simu imewashwa sasa hivi na haina intaneti, inalazimika kuichukua taarifa ya kila setilaiti kutoka kwa setilaiti yenyewe, nayo inatangazwa polepole sana, biti 50 kwa sekunde, hivyo inahitaji kama nusu dakika ya usikivu usiokatika. Subiri dakika moja au mbili, sikiliza kiwango cha usahihi kinachotajwa, na kikishuka chini ya mita 6 ndipo uhifadhi. Rudi siku nyingine, uweke tena, na tena mara ya tatu. Alama tatu zikiwa karibu karibu, chagua ya katikati ufute nyingine. Zikiwa mbalimbali, mahali hapo hapafai kwa setilaiti, nawe utafute pengine jirani palipo wazi zaidi.

Alama isiwekwe mlangoni kama kati yako na mlango kuna barabara. Iweke upande huu wa barabara, mahali unapotakiwa kusimama kabla ya kuvuka. Lau alama ya Beit al-Amani ingekuwa imewekwa kwenye ukingo wa uwanja wa Mnazi Mmoja, badala ya kuachwa juu ya kuba, yule mzee angesikia "umefika" mahali ambapo neno hilo lina maana ya "simama, sikiliza magari".

Jina la alama liwe ni maelekezo, si jina tupu. Usiandike "Msikiti". Andika, au mwambie simu iandike, "Msikiti, simama hapa, mtaro mkono wa kulia, ngazi tatu za juu". Maneno hayo utayasikia hasa pale unapoyahitaji.

Hatua ya nne: safari ya kwanza

Chagua njia ambayo miguu yako inaijua tayari, kwa mfano kutoka nyumbani hadi dukani, ili uwe wewe unayeisahihisha simu na si simu inayokusahihisha wewe. Mwenzako awe nyuma yako hatua tatu, asiseme kitu isipokuwa kwa hatari. Kila simu inapotangaza alama, simama, uhesabu hatua hadi mahali penyewe. Ukifanya hivyo kwa siku nne au tano utajua kosa la simu yako katika njia yako, nalo ndilo kosa lenye maana, kuliko lolote lililoandikwa kwenye boksi lake.

Majengo marefu ya Michenzani ni darasa zuri sana. Yamenyooka, barabara zake ni pana, mbingu iko wazi, na sauti ya fimbo hurudi kutoka kwenye ukuta kwa urefu wote wa jengo hadi linapokwisha ghafla. Nenda ukasikie jengo linavyokwisha kwa masikio, kisha ulinganishe na simu inasema nini.

Hatua ya tano: ndani ya Mji Mkongwe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kuitupa simu. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, nyingi za ghorofa mbili na tatu, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba mbingu iliyobaki juu ni kama utepe. Mawimbi hayafiki moja kwa moja. Yanagonga ukuta mmoja, yanarudi ukuta wa pili, ndipo yanaifikia simu yakiwa yamechelewa. Simu haijui kama yamechelewa, inadhani setilaiti iko mbali zaidi, na inakupeleka katika kichochoro cha jirani, nyuma ya nyumba ya watu. Simu nyingine yoyote ingekosea vivyo hivyo.

Basi usiitake ikuongoze kona kwa kona. Zima maelekezo ya njia, ubakishe matangazo ya vilivyo karibu. Weka alama nzuri kwenye ukingo wa mji tu, palipo wazi: Darajani kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa, Forodhani ufukweni, Malindi, na Mnazi Mmoja. Setilaiti ikufikishe kwenye ukingo unaoutaka, na kutoka hapo uhesabu matundu ya njia. Kila kichochoro kinapofunguka ubavuni, mlio wa fimbo unakuwa mwepesi na upepo unakugusa sikio. Hilo ni tundu la kwanza, endelea hadi la pili, la tatu. Mabaraza ya mawe yafuate kwa fimbo kama unavyofuata ukingo wa njia, ukikumbuka kwamba watu wamekaa juu yake na miguu yao iko chini. Salamu inatosha kuifanya miguu hiyo irudi.

Pale vichochoro vinapokutana na kufanya uwanja mdogo, kama Jaws Corner kwa wauza kahawa, mbingu hupanuka kidogo. Simama hapo nusu dakika, uiache simu ijirekebishe, uulize, na ikikubaliana na hesabu yako ya matundu, endelea. Zikihitilafiana, waamini waliokaa barazani. Adhana nayo, kwa dakika zake chache, ni alama iliyo bora kuliko zote, na mkaazi wa mji anamjua kila muadhini kwa sauti yake.

Baada ya magharibi ongeza tahadhari. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka jua linapotua, zaidi karibu na miezi ya Machi na Septemba na katika miaka ambayo jua lina msukosuko, na mawimbi ya setilaiti hutetereka yanapopita humo. Ukiona alama zinarukaruka usiku na mchana zilikuwa zimetulia, usiifungue simu ukatafuta ubovu.

Kuvuka barabara, na kupanda daladala

Kuvuka hakuna setilaiti. Ukifika kwenye alama ya kusimama, nyamazisha TalkBack kwa kugusa skrini mara moja kwa vidole viwili, geuka uikabili barabara, na usikilize. Magari kwetu hupita kushoto, hivyo yatakayokukuta kwanza hutoka kulia kwako, na ukishafika katikati hatari inahamia kushoto. Nyoosha fimbo mbele, omba msaada kama kuna mtu.

Ndani ya daladala, kinyume chake, setilaiti ni rafiki mkubwa. Kaa karibu na dirisha, simu ikiwa kifuani, nawe utasikia mitaa ikipita kwa majina yake hadi Amani na Mwanakwerekwe. Gari iendayo kilomita 30 kwa saa inakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo tahadhari ya mita 50 haikufai kitu, iweke mita 300, ambazo zinakupa kama nusu dakika ya kumwambia konda, "Mwanangu, nishushe hapo mbele, upande wenye uwazi." Anayekusubiri mtumie mahali ulipo kwa WhatsApp, kwa muda wa dakika 15 au saa moja, ila mtumie mtu unayemwamini peke yake.

Pemba

Pemba hakuna vichochoro virefu vya mawe kama vya Mji Mkongwe, lakini kuna vilima na miti. Chini ya mikarafuu iliyosongamana, na zaidi majani yakiwa yameloa, mawimbi hudhoofika, na katika mabonde kilima chenyewe huziba sehemu ya mbingu. Weka alama zako juu ya vilima na kwenye njia panda za Chake Chake, Wete na Mkoani, na ndani ya mashamba utegemee njia ya miguu, ambayo fimbo inaitambua kwa ugumu wake.

Hatua ya mwisho: kuirekebisha ramani

OsmAnd inatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote anaweza kuiongezea. Visiwa vyetu vilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani kuanzia 2016, katika kazi iliyowashirikisha Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia. Lakini ndege inaona paa. Haioni mlango uko upande gani, ngazi ni ngapi, wala mtaro umefunikwa au uko wazi. Hayo mwombe kijana wa mtaani anayeona aje mtembee pamoja, wewe ukimwambia fimbo imegonga nini, yeye akiandika: mlango, ngazi, nguzo, ukuta, kivuko.

Alama zako binafsi zihifadhi nje ya simu katika faili la GPX, aina ya faili la alama za mahali linalosomwa na programu nyingi za ramani, kwa sababu programu huja na kuondoka. Soundscape ya Microsoft, programu ya kumwongoza mtu kwa sauti iliyotolewa 2018 na kupendwa sana na wasioona, kampuni iliacha kuihudumia mwaka 2023 ikawaachia watu msimbo wake. Mwenye faili lake huhamia programu nyingine siku hiyo hiyo. Na kila masika yanapokwisha, toa siku mbili uzitembelee alama zote na mwenzako, maana mvua hubomoa kingo za mitaro na watu hujenga upya vizingiti. Alama inayosema "ngazi tatu" mahali palipo na ngazi nne ifute, usimame pale pale, usubiri dakika zako mbili, uiweke upya.